Mkeka wa Ngamia na Teke la Bunduki

Binti wa dada yangu alikuja kunitembelea hapa Garissa wiki iliyopita, amevaa nguo ya mikono mirefu, nzito, na joto la mji huu unalijua. Nikamwona anainua birika kwa mkono wa kushoto, naye si mtu wa kushoto. Akamimina chai. Kisha nikamwambia anionyeshe bega la kulia. Lilikuwa zambarau katikati na manjano pembeni, alama moja ndogo, kama mtu aliyegongwa kwa nyundo mahali pale pale siku baada ya siku.

Yuko kwenye mafunzo ya askari wa hifadhi ya jamii, kule upande wa Hulugho ambako hirola, wale swala adimu, wachache waliobaki wanachungwa kama mboni ya jicho. Baada ya wiki tatu atapimwa shabaha. Akikosa, ataondolewa doria na kuwekwa kwenye kibanda cha redio, na yeye hakuacha nyumba ya mama yake ili aketi kibandani.

"Wametupatia bunduki nyepesi, habaryar," akasema. Ndivyo tunavyomwita mama mdogo. "Wanasema ndizo zinazotufaa sisi wasichana."

Nikaweka kikombe chini. Sifa hiyo, nyepesi, nilishaisikia zamani nikiwa na umri wa miaka tisa, na nakumbuka ilivyotugharimu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sikusomea ufundi popote. Nimejifunza kwa kufungua, kuangalia, kufunga, na kufungua tena pale nilipokosea. Watu huniuliza nani alinifundisha kukagua kitu namna hii, taratibu, bila kukisia. Huwa nawajibu kwa mzaha kwamba nilifundishwa na mgongo wa ngamia. Hucheka. Leo nitakueleza wewe kwa nini si mzaha.

Tulikuwa tukiishi mwendo wa nusu siku kutoka Hulugho, karibu na silanga, lile bwawa la kuchimbwa linalojaa mvua zikinyesha. Nyumba yetu ilikuwa ya matao ya miti, imefunikwa herio. Kama umewahi kulala ndani ya herio utanielewa. Kama hujawahi, fikiria mkeka mnene kama kidole, wa nyuzi za magome ya mgunga, unaonuka moshi na maziwa. Nyuzi hizo hazinunuliwi. Wanawake hubambua gome la ndani, hulitafuna mpaka lilainike, kisha husokota na kufuma. Nakumbuka wanawake wa kwetu wakiwa wameketi kwenye kivuli cha nyumba asubuhi, midomo yao ya kahawia, wakizungumza huku wanatafuna, wakinyamaza kutema, wakiendelea pale pale walipoachia. Kilikuwa chakula kisichomezwa. Nasi watoto tulipewa vipande tujifunze, na uchungu wake ulikaa ulimini mpaka wakati wa maziwa ya jioni.

Mikeka hiyo hiyo, tukihama, ilishushwa kutoka kwenye nyumba na kukunjwa juu ya mgongo wa ngamia ili mzigo usimchubue. Bibi yangu, ayeeyo, alikuwa hodari wa kupakia ngamia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Na kila tulipofika na mzigo ukashushwa, hakukimbilia kivuli wala maji. Kwanza alipitisha kiganja juu ya mgongo wa kila ngamia, akitazama pale manyoya yalipolala na pale yaliposimama. Alisema ngamia hadanganyi: pale manyoya yamelala kidogo kila mahali, mkeka umekaa; pale yamelala sana mahali pamoja, kesho kutakuwa na kidonda.

Bunduki ilikuja kwetu kupitia babu. Alikuwa mlinzi wa kijiji, mmoja wa wale waliopewa silaha na serikali ili kulinda watu na mifugo dhidi ya fisi, simba na wezi. Ilikuwa bunduki ya zamani, fupi, yenye komeo la kuvuta kwa mkono. Watu walisema ilitengenezewa wawindaji, enzi zile kabla uwindaji haujapigwa marufuku, watu waliotaka silaha ya kubebwa mlimani siku nzima bila kuchoka. Kila mwanamume aliyeishika aliipima mkononi na kusema hivyo hivyo: mashallah, nyepesi.

Babu alipofariki, wazee walikubaliana ibaki nyumbani kwetu, mikononi mwa abti wangu, kaka mdogo wa mama. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mikono mifupi, mpole kiasi kwamba wana-mbuzi walimfuata bila kuitwa. Sajini kutoka kituoni akaja, akaandika, akamwachia risasi tano za mazoezi na sharti lililoeleweka na kila mtu. Angerudi baada ya miezi miwili kumpima. Akipita, bunduki inabaki. Akishindwa, inapelekwa kwa ukoo mwingine kwenye kisima cha mbali, na upande wetu wa silanga ungebaki bila mlinzi. Bila mlinzi tusingethubutu kulisha pale kiangazi, na pale ndipo palipokuwa na majani.

Risasi ya kwanza aliifyatua alfajiri moja, fisi akiwa kwenye ukingo wa boma la miiba. Nilikuwa nakoroga uji. Nilisikia mlio, nikageuka, nikamwona abti ameketi chini miguu mbele kama mtoto anayesubiri chakula, bunduki juu ya mapaja. Fisi alishtuka, akatazama, akarudi kuchukua mwana-mbuzi wake na kuondoka naye bila haraka.

Maneno ya kijiji hayachelewi. Kabla ya adhuhuri wanawake waliokuja kuchota maji walishapata utani wao: kaka yetu amepiga bunduki, na bunduki ikampiga. Abti alicheka pamoja nao. Lakini nilimwona akivua shati nyuma ya nyumba, na bega lake lilikuwa kama hili nililoliona wiki iliyopita.

Jirani yetu alikuwa mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi. Alivuta mguu mmoja na hakupenda maneno mengi. Alikuja, akachukua ganda tupu la ile risasi, akalisukuma ndani ya bunduki, akamwambia abti alenge kichuguu na afyatue kana kwamba ni risasi ya kweli. Abti akalenga, akavuta. Hapakuwa na mlio, ni "ka" tu ya chuma. Lakini mtutu uliinama chini kwa nguvu, kama mbuzi anayepeleka mdomo majini. Macho ya abti yalikuwa yamefumbwa.

"Umeona?" mzee akamwuliza. "Bunduki haijakosa. Wewe umekosa kabla yake."

Alieleza kwamba mwili uliokwisha kuumizwa hujikunja wenyewe kabla ya kipigo, na huwezi kuukataza kwa aibu wala kwa kukaripia. Uondoe maumivu kwanza, halafu ufundishe mwili upya. Jinsi ya kuyaondoa hakujua. Jeshini, alisema, walipewa bunduki nzito na mabega yao yalikuwa ya serikali.

Ayeeyo alisikiliza yote hayo akitafuna gome. Siku ya pili alitoa sponji kutoka kwenye godoro kuukuu, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye kitako cha bunduki kwa kitambaa. Ilionekana kama mtoto amevishwa kilemba. Sote tulidhani kazi imekwisha. Kitu laini kati ya chuma na mfupa, nani angetaka zaidi? Abti akapiga risasi ya pili. Safari hii hakuanguka, lakini bunduki ilimgonga kwenye msuli wa mkono, nje kabisa ya bega, na risasi ikaenda juu ya miti. Alikaa siku tatu hawezi kukamua ngamia.

Usiku huo, au pengine uliofuata, nilimsikia akimwambia ayeeyo kwamba afadhali bunduki ipelekwe tu, kuliko kuchekwa tena mbele ya sajini. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhesabu. Ayeeyo alimjibu jambo moja, nami nalishika hadi leo: "Ngamia akichubuka hatumlaumu ngamia, wala hatuutupi mzigo. Tunatazama mkeka."

Asubuhi akamketisha nje kifua wazi, akampitishia kiganja begani, taratibu, kama anavyofanya baada ya safari. Akasema kidonda cha kwanza kilikuwa kidogo kama tende na hiki cha pili vilevile. Kitu kinachogusa mahali padogo. Lakini binadamu hana manyoya; hatuoni mkeka umelala wapi.

Hapo ndipo mimi niliingia katika habari hii, kwa sababu ya kuchezea mkaa. Nilikuwa nimejichora mikono, na nilipomwegemea ayeeyo nikamwachia alama kwenye guntino yake nyeupe, lile vazi lake la kuzungushwa mwilini. Alitaka kunigombeza, lakini akaitazama ile alama.

"Ayeeyo," akaniambia, maana kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile analoitwa yeye, "lete mkaa."

Tukasaga mkaa na mafuta kidogo, tukapaka kitako chote cha bunduki, bila sponji. Abti akavaa shati jeupe la msikitini, akilalamika, akaishika kama alivyozoea. Tukatazama shati. Alama ilikuwa ncha tu ya chini ya kitako, ndogo kama tende, na sehemu yote ya juu ilikuwa hewani. Akaongeza sponji, tukapaka tena: kitako kilikuwa kimesukumwa mbali, kirefu kuliko mikono yake, na akalazimika kukiegemeza kwenye msuli wa nje. Teke lote la ile bunduki lilikuwa linapita mahali pa tende moja. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kulazimishwa kuacha alama.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki tatu. Mbao hatukuigusa, ilikuwa mali ya serikali, na sajini angetambua hata tundu la msumari. Ayeeyo alishona kifuko cha ngozi ya mbuzi kinachovalishwa kitako kama soksi na kukazwa kwa kamba. Mwishoni mwake aliweka kipande cha herio, tabaka mbili tu, nyembamba, zimegongwa kwa jiwe mpaka zikawa laini lakini hazibonyei kama sponji. Upande wa chini alikata, upande wa juu akaongeza, tukapaka mkaa, tukatazama shati, akafumua, akashona upya. Mimi ndiye niliyefua shati. Nililifua mara nyingi kiasi kwamba sijasahau hata mshono wake mmoja. Siku ya mwisho alama ilikuwa pana kama kiganja, chini ya mtulinga, kwenye lile shimo la bega ambalo Mungu aliliumba kana kwamba kwa kazi hiyo.

Kisha ayeeyo akataka uzito. Alisema ngamia mkubwa akisukumwa hasogei, ndama akisukumwa anaruka. Bunduki hii ni ndama. Akatafuta nati kubwa za lori, akazifunga moja moja kwa kitambaa zisigongane, akazishonea pembeni ya kile kifuko. Abti alipinga. Yeye ndiye angeibeba kutwa nyuma ya mbuzi, na sifa pekee ya ile bunduki ilikuwa wepesi.

"Uzito utakuchosha mguu," ayeeyo akamjibu, "na mguu ukilala unapona. Wepesi umekwisha kukutia woga. Woga haulali."

Mzee jirani akamaliza sehemu yake. Alimfundisha kusimama mguu mmoja mbele, kuinama kifua kama mtu anayemsukuma ngamia ainuke, na kuivuta bunduki ndani ya bega, iwe imekwisha kufika kabla ya kupiga. Mwanzo abti aliiweka mbali kidogo kwa kuiogopa, na kumbe kitu kilicho mbali ndicho kinachopata nafasi ya kukimbia. Kila asubuhi baada ya kukamua alifyatua ganda tupu mara ishirini. Nilihesabu kwa kokoto. Mzee alisimama kando akitazama mtutu tu, si kichuguu. Siku nyingine alimpa mgongo, akaweka ama ganda tupu ama risasi ya kweli, na abti asijue ni ipi. Hivyo zikatumika ya tatu na ya nne, na polepole mtutu ukaacha kuinama, kama homa inavyoshuka. Ya tano ilipiga kichuguu pale pale alipolenga, naye akabaki amesimama. Akajishika bega, akatabasamu. Haliumi, akasema, linasukumwa tu.

Sajini alikuja siku aliyosema. Alikunywa chai ya maziwa ya ngamia, akala nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa, akapokea maganda matano na kuyahesabu. Kisha akaiona bunduki.

"Nyinyi watu," akasema, "mmeivalisha bunduki ya serikali soksi?"

Watu waliokuja kutazama wakacheka. Aliigeuzageuza, akaipima mkononi, akashangaa ilivyokuwa nzito. Akamwuliza abti kama hii ni silaha au ni ngamia. Abti aliangalia chini. Ayeeyo ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Ni ngamia ndogo, afande. Na ngamia bila mkeka, sisi habana weka mzigo."

Sajini akafungua kamba, akavua kile kifuko, akakagua mbao. Hakukuta tundu wala mkwaruzo. Akakirudishia mwenyewe, vibaya, na ayeeyo akakikaza upya bila kuombwa. Debe la mafuta likawekwa mbali, hatua zaidi ya mia. Akampa abti risasi tatu.

Ya kwanza ililipata debe likalia na kuviringika. Likasimamishwa tena. Sikushangilia, nilikuwa nimeshika kokoto zangu. Abti akavuta komeo, akaegemea mbele, akavuta bunduki begani, akatulia.

"Ka."

Hakuna mlio. Risasi ilikuwa mbovu, pengine imekaa sana kwenye unyevu. Kwa pumzi moja kila mtu alidhani ameharibu. Lakini mimi sikuwa natazama debe, nilikuwa natazama mahali mzee aliponifundisha kutazama. Mtutu haukusogea. Haukuinama hata kwa upana wa punje ya mtama. Macho ya abti yalikuwa wazi, naye aliendelea kusimama vile vile, mtutu umeelekea kwenye debe, akihesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa, maana risasi mbovu huweza kuchelewa tu. Alipomaliza kuhesabu ndipo akafungua komeo.

Nikamtazama sajini. Na yeye alikuwa ameutazama mtutu. Akamwambia mzee jirani kwamba ana vijana wakubwa kituoni, wenye vifua, ambao kwa "ka" kama ile wangechimba kisima kwa mtutu. Akaichukua ile risasi mbovu, akaitia mfukoni.

"Ya tatu baki nayo," akamwambia abti. "Ni ya fisi."

Bunduki ilibaki, na silanga likabaki na mlinzi kwa miaka mingi. Abti aliua fisi wawili tu maishani mwake; mara nyingine zote alipiga hewani wakakimbia. Mzee alipoulizwa nani amemfundisha kijana, alisema ni wanawake, na alisema bila kutabasamu.

Sasa hivi ukifika pale, silanga limejaa tope na nyumba zimefunikwa turubai. Mizigo huhama kwa lori. Ngamia wapo, wengi kuliko zamani, lakini wanafugwa kwa maziwa na soko, na migongo yao haiujui mkeka. Bunduki ilirudishwa serikalini abti alipozeeka, na kifuko kikabaki kwetu mpaka mchwa wakakila. Ayeeyo amelala karibu na ule ukingo wa boma, na boma lenyewe halipo tena. Kilichobaki ni kipande chake cha herio, kipana kama kiganja, ninachokiweka kwenye kopo la sindano chini ya cherehani yangu ya kwanza.

Nilimtolea yule binti kipande hicho. Nikasaga mkaa jikoni, nikapaka ncha ya ubao, nikamwambia aushike kama wanavyomfundisha, na awe amevaa shati jeupe. Alicheka mpaka alipoiona alama. Ndogo, kama tende.

Kile kipande cha zamani hakifai tena, kinasagika kama mkate mkavu. Mkufunzi wake amekubali atumie kifuko kinachovuliwa, mradi mbao isiguswe. Kwa hiyo nilimtuma mchoma makaa aniletee gome la mgunga, la ndani, bichi. Nimeuliza mtaani kote nani anajua bado kulitafuna, na wamama wa rika langu wamenitazama kama mtu anayeuliza njia ya kwenda kwenye mji uliohamishwa. Basi natafuna mwenyewe. Nyuzi za jana zilikatika. Nililitema gome mapema mno. Za leo zinashika. Zimebaki siku kumi na mbili, na mdomo wangu ni mchungu ninapoandika haya.